Ki cha Tatu

Kitendawili!

Usinitazame hivyo, itikia. Sema "Tega," hata kama unasoma kimyakimya ofisini kwa watu. Haya, nimekusikia.

Ki cha kwanza kina miguu minne, hakitembei. Ki cha pili kina magurudumu, kimekatazwa kutembea. Ki cha tatu kina miguu miwili mizima kabisa, kinabebwa.

Cha kwanza nakupa bure, mjukuu wangu: kiti. Cha pili utakijua sasa hivi tukianza safari. Cha tatu sikwambii. Na usiwe na haraka ya kunipa mji. Najua ndivyo tunavyocheza: ukishindwa kutegua unanipa mji, mimi naenda huko kwa maneno tu, nakula, nalala, naaga, kisha natoa jibu na mji wako unabaki pale pale ulipokuwa. Lakini ipo nchi moja mji ulitolewa mchezoni, ukaenda moja kwa moja.

Nchi yenyewe ina jina. Ila jina limepelekwa kwenye kamati kurefushwa, maana walisema ni fupi mno kwa nchi yenye maono marefu kama yale. Mpaka lirudi, tutaiita nchi ile.

*

Katika nchi ile hakuna foleni. Nataka ulielewe hili mapema, usije ukawasingizia watu. Waziri wa Njia na Vipitavyo Njiani, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Tambwe Mavumbi, alikwisha kulitangaza redioni: "Ndugu wananchi, hatuna foleni. Tuna magari mengi yaliyokubaliana kusimama pamoja. Huo ni umoja wa kitaifa." Watu walipiga makofi. Wengi waliyapigia humo humo ndani ya magari, kwa kuwa mikono haikuwa na kazi nyingine.

Tena katika nchi ile Waziri hakanyagi chini. Si maringo, ni utaratibu. Akishuka kitandani anapokewa na zulia, zulia linamfikisha kwenye shangingi, na shangingi lenyewe ni refu kiasi kwamba likikata kona, mbele limeshafika wizarani na nyuma bado linamuaga mke wa Waziri. Pakiwa na tope, askari wanambeba. Nasikia soli za viatu vyake bado zina ile stika ya dukani.

Na jambo la mwisho uliweke kichwani, maana litatufaa mbele: kauli ya Waziri ikishapita redioni, ni sheria. Haingoji muhuri. Siku moja alipiga chafya hewani, na wanasheria bado wanabishana ilikuwa na maana gani.

*

Sasa Zamaradi. Zamaradi ni nesi wa chanjo katika hospitali iliyo upande wa pili wa Jiji. Mchana kutwa anapakata watoto wa wenzake, anawabembeleza, anawachoma sindano, wanamchukia kidogo, kisha wanamsamehe. Wa kwake mwenyewe, Tunu, alikuwa hamwoni akiwa macho. Anamwacha amelala, anamkuta amelala. Huo katikati ulikuwa umeliwa na umoja wa kitaifa.

Mumewe yuko migodini, huonekana sikukuu kwa sikukuu kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo Tunu alilelewa na bibi yake, Bi Kidawa, mama mkwe wa Zamaradi, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika na moyo usiopumzika pia.

Jumapili moja Zamaradi alimnyanyua mwanawe akamkumbatia. Mtoto akapiga yowe, majirani wakatoka nje.

"Tunu," Bi Kidawa akauliza akicheka, "huyu nani?"

Tunu akatia kidole mdomoni. Akamtazama mama yake juu mpaka chini.

"Mgeni."

Kisha, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akakisukuma kigoda chake kidogo mpaka miguuni pa mgeni, akae.

Bi Kidawa aliendelea kucheka, mpaka alipoona mkwewe hacheki. Zamaradi alikikalia kile kigoda. Angefanyaje? Amekaribishwa.

*

Zamu yake ya upatu ilipofika, Zamaradi hakununua kanga wala kabati. Alikwenda kwa mafundi wa karakana moja akarudi na kigari cha umeme.

Mjukuu wangu, usifikirie gari unalolijua wewe. Hiki kilikuwa na kiti kimoja mbele na kimoja nyuma, basi. Ukikitazama kwa mbali utadhani friji lililoamua kwenda mjini. Kilichajiwa jikoni, kwenye soketi ya pasi.

"Hiki kimeshakomaa," Bi Kidawa aliuliza akikizunguka, "au bado kinakua?"

"Kimekomaa, mama."

"Maskini. Na kinakula nini?"

"Umeme tu."

"Umeme upi? Huu wetu?" Maana katika nchi ile umeme haukatiki, bali nyaya hupewa mapumziko. "Mwanangu, umemleta mtu wa kufunga saumu katika nyumba iliyoanza kufunga kabla yake."

Lakini Zamaradi alizijua saa za nyaya kupumzika, akakilisha kigari kabla. Kilikuwa chembamba, kikapita vichochoroni ambako magari makubwa hayajawahi hata kuchungulia. Shida ilikuwa moja: hakikuwa na sauti. Hakingurumi, hakikohoi. Honi yake ilikuwa kama kuku aliyekanyagwa, mtu akiisikia anatafuta kuku. Akina mama wakichambua mchele uchochoroni wanageuka wanakuta gari limesimama mgongoni pao kama jini.

Zamaradi akafanya walivyomfunza wazazi wake. Akifika kwenye kichochoro anatoa kichwa dirishani: "Hodi!"

"Karibu!" wanamjibu, wanavuta ungo pembeni, anapita.

"Hodi tena huko!"

"Karibu, nesi! Wasalimie!"

Akawa anafika nyumbani jua halijazama, Tunu yu macho, uji mdomoni. Siku za mwanzo mtoto alimkimbia. Kisha akamkimbilia. Hakumwita mama bado. Alimwita kwa kile alichomsikia akisema kila jioni. "Hodi kaja!" anapiga kelele. "Hodi, Tunu panda!" Anapakiwa kiti cha nyuma, anazungushwa mpaka kwenye bomba la maji na kurudi.

"Kutoka Mgeni mpaka Hodi," Bi Kidawa alimwambia mkwewe. "Umepanda cheo. Subira, na hicho kingine kinakuja."

*

Siku moja Waziri alikuwa anatoka kuzindua kibao. Kilikuwa kibao kinachoonyesha mahali ambapo barabara itajengwa, na uzinduzi ulifana sana. Msafara ulipoingia mjini ving'ora vikalia, askari wakaamuru magari yote yakae pembeni. Magari yalikuwa tayari kabisa kukaa pembeni. Pembeni ndiyo haikuwepo. Msafara ukakubaliana na wenzake kusimama pamoja.

Zamaradi akakata kichochoroni, hodi huku, karibu kule, akaibukia mbele, puani kabisa pa shangingi, akaenda zake.

Waziri akashusha kioo. "Kitu gani kile kimenipita, na wala hakikunguruma?"

Sajini Mkomwa, trafiki mkuu wa msafara, akatimua mbio.

"Zima gari!"

"Nimeshazima, afande."

"Mbona sijasikia likizimika?"

"Hata lilipowaka usingesikia."

"Kwa hiyo halikuwaka."

"Liliwaka, afande."

"Shahidi nani?"

Zamaradi akaliangalia jua. "Afande, nina mtoto mdogo, analala jua likizama. Niruhusu niende, kesho nitakuja tuzungumze."

"Gari halikuwaka, linatembea." Sajini akarudi nyuma kidogo. "Mama, unaliendesha kwa nguvu gani? Nakuuliza kwa heshima."

"Umeme."

Sajini akacheka kwa faraja. "Umeme wa nchi hii? Mama, sema tu ni majini, nitakuelewa."

"Ni kigari cha umeme, afande. Kigari changu. Nakuomba."

Kigari kikapakiwa kwenye gari la polisi, Zamaradi akaenda kwa miguu. Alimkuta Tunu amelala, ameshika nusu ya biskuti. "Kamwekea Hodi," Bi Kidawa alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

*

Tatizo likawa: ashtakiwe kwa kosa gani? Sheria ya nchi ile inakataza gari kuupita msafara, na hukumu yake ni kali. Lakini wizarani kulikuwa na msomi mmoja, Profesa Kibwana Makumbusho, Mkurugenzi wa Ngeli za Taifa, na yeye hakupenda mambo yaende kienyeji. Mimi ngeli nilifundishwa shule ya msingi nikazisahau kabla kengele ya kutoka haijalia, kwa hiyo nitakupa maneno yake kama yalivyosikika ukumbini.

"Sheria inasema gari," Profesa alianza, akakohoa kwa ufasaha. "Gari hili, magari haya. Li, ya. Sasa mnaniletea nini? Kigari! Kigari hiki, vigari hivi. Ki, vi. Mnataka niingize ki kwenye li? Hata akishuka malaika sitafanya hivyo. Ki, ndugu zangu, ni ngeli ya kiti, kitanda, kikapu, kigoda. Kwa hiyo kisayansi hatuna gari mbele yetu. Tuna samani."

Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Waziri, aliyekuwa ameketi, akapigiwa makofi na wasaidizi wake kwa niaba yake.

Zamaradi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, si nikiite gari tu, yaishe?"

"Mbele ya Sajini ulikiitaje?"

"Kigari. Lakini nilikiita hivyo kwa kukipenda."

"Amekiri," alisema Profesa.

Hukumu ikawa ya huruma. Kosa halikuonekana, kwa kuwa samani haiwezi kumpita Waziri. Ikionekana imempita, ni macho ya Waziri ndiyo yenye matatizo, na macho ya Waziri hayana matatizo. Kigari kikarudishwa kwa mwenyewe. Ruhusa ya kukitumia barabarani anayo, tena wakati wowote, kwa sharti dogo: samani hazitembei zenyewe. Barabarani samani hubebwa.

Watu walipokuwa wanatoka, sauti moja ilisikika nyuma ya ukumbi ikiuliza, "Na Kibwana ni ngeli gani?" Hakujulikana aliyeuliza. Ila kesho yake kibao cha mlango wa msomi wetu kilisomeka: Profesa Bwana Makumbusho.

*

Zamaradi alijaribu kutii. Vijana wa kijiweni wakajitolea, wakakiinua kigari begani na yeye ndani, wakatoka wanaimba ili wasisikie uzito. Walipofika sokoni watu wakadhani ni bibi harusi. Vigelegele vikapigwa, mzee mmoja akauliza pilau inaliwa wapi, na wengine wakaanza kufuata nyuma kabisa. Hospitali alifika watoto wameshachoka kulia. Vijana wakatua mzigo, wakamrudisha jioni taratibu kama jeneza, na asubuhi iliyofuata kila mmoja wao alikuwa na mgongo.

Kigari kikaingizwa sebuleni.

Haukupita muda, akaja mkaguzi wa samani, kijana mwenye tai. Akakizunguka.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kitambaa gani?" Bi Kidawa akauliza.

"Samani ya heshima haikai wazi, mama. Nyie mnaona makochi ya watu yako uchi?"

Bi Kidawa akaenda chumbani akaja na kitambaa alichokifuma kwa mkono enzi za uchumba wake, akakitandika juu ya kigari, pale usukani unapoonekana. Kilikuwa kizuri, chenye maua pembeni na maneno katikati: KARIBU MGENI. Mkaguzi akasifu mkono, akanywa chai, akaenda.

Zamaradi akarudi kwenye umoja wa kitaifa. Anamwacha mtoto amelala, anamkuta amelala. Jumapili alikuwa ameketi ndani ya kigari sebuleni, maana nyumba ndogo na makochi yalishahamishiwa uani, kitambaa kikimning'inia usoni. Tunu akaingia.

Bi Kidawa alijua asiulize. Akauliza. "Tunu, huyu nani?"

Mtoto akatafuta jina, akalikosa. Akarudi kwenye lile la zamani.

"Mgeni."

Akaenda kuleta kigoda.

Bi Kidawa akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Mimi kigari hiki nimekitukana vya kutosha," alisema, "na nilikuwa na haki, ni cha nyumbani kwangu. Wao nani kawaambia wanisaidie?"

*

Katika nchi ile kuna Siku ya Kero. Waziri huja uwanjani, wananchi hutoa kero, redio hurusha moja kwa moja, na mwisho wa siku kero hupongezwa kwa kujitokeza kwa wingi.

Mvua ilikuwa imenyesha. Waziri alifikishwa jukwaani na askari wawili waliomshika huku na huku, viatu vyake vikielea juu ya tope bila kuligusa. Wakamweka kitini, wakaanza kujifuta.

"Sisi ni watu wa utamaduni," Waziri alisema kwenye kipaza sauti. "Leo nazitaka kero kwa nyimbo, ngonjera na vitendawili. Hasa vitendawili! Mimi vitendawili nilivianza tumboni mwa mama yangu."

Bi Kidawa akapasua katikati ya watu, Tunu mgongoni.

"Kitendawili!"

"Tega!" uwanja mzima ukaitikia, na Waziri zaidi ya wote.

Akakitega, kile kile nilichokutegea wewe. Cha kwanza kina miguu minne, hakitembei. Cha pili kina magurudumu, kimekatazwa kutembea. Cha tatu kina miguu miwili mizima, kinabebwa.

"Rahisi!" Waziri akacheka. "Cha kwanza, kiti. Cha pili, hicho tumekitengeneza wenyewe wizarani, kigari! Na cha tatu, cha tatu ni ki..."

Wale askari wawili wakaacha kujifuta tope.

Profesa Bwana akamsogelea sikioni.

"Unalijua jibu?" Waziri akamnong'oneza, na kipaza sauti kikanong'ona nchi nzima.

"Nalijua, Mheshimiwa. Ila halitamkiki."

"Ni ngeli gani?"

"Hapo ndipo palipo na ugumu, Mheshimiwa. Vitabu vinalihesabu na viumbe hai, kwa sababu ya kutembea."

"Sasa?"

Profesa akayaangalia matope, akaviangalia viatu safi vya Waziri.

"Umeshindwa, mwanangu," Bi Kidawa akasema. "Nipe mji."

Waziri akapumua. Kutoa ndiyo kazi yake. "Chukua mji! Chukua Nyuma ya Mlima!"

"Umeme upo?"

"Upo njiani."

"Barabara je?"

"Ipo kwenye mpango."

"Nikalale kwenye mpango? Mwingine."

"Chukua Maji Matamu."

"Dada yangu anaishi huko, maji yana chumvi hata chai haikubali sukari. Mwingine."

Kila mji aliotaja ulikosa kitu, na cha ajabu kila ulichokosa kilishawahi kuzinduliwa. Uwanja ukaanza kucheka. Waziri akatoa leso. Profesa akarudi sikioni: "Mheshimiwa, mpe wowote, akikasirika atalitoa jibu hewani."

"Chukua Jiji!" Waziri akapiga kelele. "Chukua Jiji hili lote, mama, na hilo jibu lako kaa nalo mwenyewe!"

Taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka vizuri tu, nyaya hazikuwa zimepumzika.

"Asante, baba," Bi Kidawa akasema, akamfunga mjukuu vizuri mgongoni. "Mji nimepokea. Na jibu nitakaa nalo, kama sheria ilivyosema."

*

Wanasheria walitafuta pa kutokea hawakupaona. Kauli imepita hewani, Jiji ni la Bi Kidawa. Alipelekewa ufunguo wa ofisi, akasema kwake kunatosha. Alitawala akiwa barazani, ungo mapajani.

Hakutoa amri nyingi, kwa sababu mchana hulala. Ya kwanza: ki chochote kinachoweza kutembea, kitembee. Ya pili: kila kipitacho mbele ya mlango wa mtu, kikubwa kwa kidogo, kipige hodi na kisubiri kukaribishwa, king'ora si hodi.

Basi na wengine ambao vigari vyao vilikuwa vimefanywa samani wakavua vitambaa, vikatoka masebuleni. Usidhani palikuwa peponi. Nyaya zilipopumzika, vigari navyo vilipumzika, vingine katikati ya njia. Mvua ikipiga ya upepo, dereva na abiria wote wanaoga. Bwana mmoja alijaribu kuhama nyumba kwa kigari, na nasikia bado anahama. Lakini mwenye kwenda kazini na kurudi, peke yake na mkoba wake, alikwenda na akarudi. Vichochoro vikajaa hodi na karibu, utadhani Jiji zima lina msiba wa mtu asiyechukiwa na mtu.

Kigari cha Zamaradi kilichelewa kutoka. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa tu, kama wanavyokufa wastaafu. Mafundi waliihangaikia, na hatimaye siku ikafika akaondoka nacho asubuhi. "Nitarudi kabla hajalala," alimwambia Bi Kidawa. "Leo nitarudi."

"Rudi," Bi Kidawa akasema. "Nitamzuia usingizi kadiri ya uwezo wa serikali yangu."

*

Sasa ilikuwa hivi: jioni hiyo hiyo Ikulu ilikuwa inatangaza mawaziri wapya. Katika nchi ile anayefika mlango umefungwa amekosa kiti, na akikosa kiti hata zulia linamsahau. Waziri aliondoka mapema na msafara wote. Walipofika nyumba ya kwanza, Sajini Mkomwa akashuka, akavua kofia.

"Hodi!"

"Nani?"

"Msafara wa Mheshimiwa Waziri!"

"Mwenyewe hayupo," sauti ikajibu kutoka ndani. "Njoo kesho."

Nyumba ya pili: "Hodi!" "Anayehusika na kukaribisha kaenda kunywa chai." Nyumba ya tatu: "Hodi, tafadhali!" "Mtandao unasumbua, afande. Jaribu dirisha la pili."

Shangingi likasimama. Jua likaanza kushuka. Waziri akatazama mbele, akatazama nyuma, hakuna zulia wala askari aliyekuwa tayari kumbeba kuvuka mtaa mzima wa watu wanaochungulia. Akafungua mlango mwenyewe. Akakanyaga chini. Ardhi ilikuwa ngumu kuliko alivyoarifiwa.

"Hodi!" Zamaradi alikuwa anakuja.

"Karibu, nesi, pita!" wakamwitikia mlango kwa mlango.

"Dada!" Waziri akapunga mkono. "Dada nesi! Nisaidie nifike Ikulu!"

Zamaradi akapiga breki. Akaliangalia jua kwanza, kisha akamwangalia yeye. "Hiki ni samani, Mheshimiwa."

"Samani nzuri," Waziri akasema, akiwa ameshaingiza mguu mmoja. "Nitakaa tu."

"Napita kwangu kwanza. Mwanangu anakaribia kulala, sitamkosa tena kwa ajili yako."

"Pita, dada, pita popote!"

Akajikunja kiti cha nyuma, magoti masikioni. Wakaenda. Kila hodi ikaitikiwa, na kila aliyeitikia aliinama kuchungulia kuna nini huko nyuma, kisha akamwita mwenzake aje naye achungulie.

*

Bi Kidawa alikuwa barazani. Tunu alikuwa mapajani mwake na kichwa kilishaanza kuanguka, kinaanguka, kinainuliwa, kinaanguka. Bibi aliimba, akamtekenya, akamlisha ndimu. Jicho moja lilikuwa limeshafumba.

"Hodi!"

Jicho likafumbuka.

"Nani?" Bi Kidawa akauliza kwa sauti, maana Jiji ni lake na anayepita lazima ajitaje.

"Mimi, mama."

"Mimi ni wengi. Tunu, huyu nani?"

Mtoto akakitazama kigari. Akautazama mkono ulioshika usukani, kisha uso. Akateleza kutoka mapajani akaenda moja kwa moja kwenye kigoda chake, akakivuta.

Zamaradi akafumba macho. Kigoda kikaburuzwa mchangani, krr, krr, kikaja mpaka ubavuni mwa kigari, kikasimama. Lakini Tunu hakumkaribisha mtu kukikalia. Alikipanda yeye mwenyewe, ili afike dirishani.

"Mama," akasema. "Tunu panda."

Zamaradi akamnyanyua kupitia dirishani, akamkumbatia, na safari hii hapakuwa na yowe.

Kisha Tunu akageukia kiti chake cha nyuma, akanyoosha kidole. "Mgeni," akawaambia.

"Namwona," Bi Kidawa akasema, akaweka ungo chini. "Na huko nyuma ni nani?"

"Mimi ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima Tambwe Mavumbi, Waziri wa Njia na..."

"Hizo ni nguo. Nakuuliza wewe."

"Mama, mlango wa Ikulu unafungwa!"

"Wa kwangu nao haujafunguliwa. Ulinipa mji, baba, jibu ukaniambia nikae nalo. Nimekaa nalo mpaka limenichosha. Lina miguu miwili, mizima, nayaona magoti yake hapa. Ki cha tatu ni nini?"

Watu walikuwa wameshajaa mtaani. Waziri akatazama kule taa za Ikulu zilikoanza kuwaka. Akaitazama miguu yake, imekunjwa vizuri ndani ya samani ya mtu.

"Ki..." akasema. "Kiongozi, mama."